Mtandio mmoja, saa 61

(Maneno ya Mratibu wa Miradi mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wageni, Lushoto. Tumeyafupisha kidogo. – Mhariri)



Nimepewa dakika 20 kujibu swali moja: ile mitandio 30 iliyoahidiwa na kikundi chetu cha ufumaji iko wapi? Swali hilo limo katika muhtasari wa kikao kilichopita, na pembeni yake kuna neno "uzembe". Sitalalamikia neno hilo, kwa sababu mimi nililitangulia. Katika taarifa yangu ya robo ya pili niliandika kwamba "kasi ya walengwa ni ndogo". Langu lilivaa tai, lakini maana yake ni ile ile.

Leo nimekuja na mtandio huu mnaouona. Nimeufuma mwenyewe, kwa mikono hii iliyozoea kalamu na kompyuta, na ndio jibu langu. Naomba mnivumilie nieleze jinsi ulivyofumwa, maana hesabu ya fedha nitakayoitoa mwishoni haitaeleweka bila hayo.

Wengi wenu mnakijua kikundi. Ni akina mama 14, na kazi yao ya miaka yote ni sweta za shule. Huku kwetu milimani sweta si pambo. Mtoto anayetoka Magamba saa 12 asubuhi mwezi wa Julai, ukungu umeshuka mpaka barabarani, anaihitaji kama anavyohitaji uji. Akina mama wanafuma kwa sindano mbili au kwa mashine, wanauza kwa wazazi, na mitumba inawabana, lakini wanakwenda.

Kisha likaja duka moja la nje linalouza kazi za mikono. Walituma picha ya mtandio wa lesi wenye shanga, pamoja na karatasi ya mchoro, wakauliza kama tunaweza kuwafumia 30 kwa miezi mitatu, kila mmoja shilingi 25,000. Nusu ya fedha wangeitanguliza. Niliangalia picha, nikaona ni kitu chepesi, hakina mikono wala shingo kama sweta. Nikajibu siku hiyo hiyo kwamba tunaweza. Sikuwauliza akina mama mpaka kesho yake.

Miezi mitatu ikapita, mitandio saba ikawa tayari. Nikaenda kwenye kikundi nikiwa na maneno makali tumboni. Nilipomaliza kuyasema, bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote pale, aliweka sindano zake magotini akasema, "Mwanangu, hatukubishii. Fuma mmoja tu, kisha urudi utufokee." Wakacheka wote. Nikachukua sindano, mchoro na mfuko wa shanga, nikaenda navyo nyumbani nikidhani ni kazi ya jioni kumi hivi.

Nianze na uzi. Tulinunua uzi wa sweta Dar es Salaam, wenye lebo nzuri, na muuzaji akasema ni sufu. Kama mnataka kujua ukweli wa uzi, kateni kipande kidogo mkichome. Sufu hunuka kama unywele ulioungua na huacha majivu yanayosagika kwenye vidole. Uzi wetu uliyeyuka ukaacha donge jeusi gumu kama kokoto. Ulikuwa akriliki, yaani jamaa wa plastiki. Kwa sweta ya shule hauna neno, unadumu na unafulika. Kwa lesi ni shida, na nitawaambia kwa nini. Ila jaribio hilo la kiberiti tulilifanya baada ya kununua uzi wa mitandio yote 30.

Kwa huu wangu nilifuata ushauri wa akina mama. Nilikwenda mnadani kwenye mitumba, nikatafuta sweta za sufu halisi, nikachagua zile zilizofumwa vipande vipande kisha vikashonwa pamoja. Zile zilizokatwa kwa mkasi kiwandani ukizifumua unapata vipande vifupi visivyofaa kitu. Unakata mshono, unavuta uzi, unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufua, unautundika na kitu kizito chini ili mikunjo ikunjuke. Jioni mbili zikaisha kabla sijafuma hata mstari mmoja.

Sasa lesi yenyewe. Katika sweta, kila kitanzi kinakaa juu ya kitanzi cha chini yake, kama matofali. Katika lesi unatengeneza matundu kwa makusudi: unazungushia uzi kwenye sindano, linapatikana tundu na kitanzi kipya, halafu mahali pengine kwenye mstari huo huo unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja ili idadi isiongezeke. Mtandio huu una vitanzi 73. Ukimaliza mstari lazima viwe 73. Vikiwa 72, umesahau tundu mahali fulani. Vikiwa 74, umesahau kuunganisha. Na vikiwa 73 inawezekana umekosea mara mbili, kosa moja likaficha jingine, jambo ambalo hata sisi tunaokagua vitabu vya fedha vya sharika tunalifahamu.

Mchoro una alama ndogo: duara ni tundu, mstari wa mshazari ni kuunganisha, nukta nyeusi ni shanga. Unasomwa kuanzia kulia kwenda kushoto mstari wa kwenda, na ule wa kurudi unasomwa kinyume chake. Mimi nina shahada, na siku ya kwanza niliusoma wote kama tunavyosoma kitabu, kushoto kwenda kulia. Maua yangu yalielekea upande usio wao. Nikafumua.

Naomba niseme kidogo juu ya neno hilo, kufumua. Kitanzi cha sweta kikikuponyoka, unakidaka kwa sindano ya kroshia unakipandisha kama ngazi, kazi imekwisha. Kitanzi cha lesi kikiponyoka kinashuka, kinafika kwenye tundu ulilotengeneza mwenyewe, na hapo huwezi tena kujua tundu lipi ni la ua na lipi ni la ajali. Usiku mmoja nilikuwa mstari wa 73. Nikanyoosha kazi mezani niifurahie. Nikaona ua moja limepinda, nikafuata chini, nikakuta kosa liko mstari wa 46. Mistari 27 juu yake ilikuwa sahihi kabisa, lakini imejengwa juu ya kosa. Nilikaa nikaitazama. Nikajaribu kujishawishi kwamba Mzungu hataona. Mwishowe nikavuta uzi. Mistari 27 yenye vitanzi 73 ni vitanzi 1,971, na inafumuka kwa dakika chache tu. Siwadanganyi, nililia, na mume wangu akadhani kuna msiba.

Kesho yake nilipeleka kazi kikundini. Yule bibi hakusema neno. Alichukua uzi mwembamba wa kushonea wa rangi nyekundu, akautunga kwenye sindano, akaupitisha ndani ya vitanzi vyote 73 vilivyokuwa kwenye sindano yangu, akauacha umelala humo. Akaniambia nifanye hivyo kila nikimaliza mistari 8 nikiwa nimehesabu na kuhakikisha. Nikikosea tena, nafumua mpaka kwenye uzi mwekundu na hapo vitanzi vyote vinasimama. Wafumaji wa lesi duniani kote wana kawaida hii. Akina mama wetu waliigundua wenyewe baada ya kufumua mitandio minne mpaka mwanzo. Mimi sikuwa nimewauliza ni mingapi ilianzwa, niliuliza tu ni mingapi imekwisha.

Shanga zilikuwa darasa jingine. Mtandio mmoja unachukua shanga 612, ndogo, za namba 8. Katika shanga namba ikikua, shanga inapungua. Nyingi za aina hii tunazoziona kwenye kazi za ndugu zetu Wamasai hutoka Ucheki, zinatengenezwa kwa kioo, na matundu yake hayalingani sawasawa. Inabidi uzimwage kwenye sahani na kuzichagua kama mchele.

Kuna njia mbili za kuziweka. Ya kwanza ni kuzitunga zote kwenye uzi kabla ya kuanza, kisha unazisogeza moja moja. Nilijaribu. Uzi wa sweta kuukuu ukisuguliwa na shanga 612 za kioo hauchelewi kukatika, na wangu ulikatika mstari wa 9. Nikaziokota chini ya kabati. Njia ya pili ni kuivalisha shanga kitanzi chake pale pale panapohitajika. Inatakiwa sindano ya kroshia nyembamba sana inayopita ndani ya tundu la shanga, na hiyo hatukuipata Lushoto wala Mombo. Mama mmoja kijana kikundini alikunja kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Unatia shanga kwenye ule mkunjo, unanasa kitanzi, unavuta, shanga imeingia. Ni rahisi kusema. Rudia mara 612.

Ukiweka shanga mahali pasipo pake na umeshapita mistari kumi, unaweza kuipasua kwa koleo badala ya kufumua. Funika kwa kitambaa kwanza, kwani kile kioo kinaruka na kinaweza kukata uzi. Nilipasua tatu. Ya nne ilikata uzi.

Haya yote yanataka mwanga. Mchana akina mama wako shambani au sokoni na kabichi na viazi. Kufuma kunabaki kwa usiku, na umeme mnaujua. Baadhi wana taa ndogo ya sola. Sweta unaweza kuifuma gizani huku ukizungumza na watoto, mikono inajua njia. Lesi ya shanga haikubali mazungumzo. Ukijibiwa "shikamoo" umepoteza hesabu. Bibi wetu, ambaye mikono yake ni bora kuliko ya wote, haoni nukta za kwenye mchoro baada ya saa 12 jioni. Tulihesabu nikakuta kwamba kati ya akina mama 14, walioweza kuusoma mchoro na kuuona ni watano.

Na bado haujaisha ukiutoa kwenye sindano. Lesi ikitoka sindanoni ni kama dekio, imejikunja, maua hayaonekani. Unailowesha, unaikamua kwa taulo, unaitandaza kwenye godoro, unaivuta na kuibana kwa pini zisizoshika kutu mpaka ikauke. Hapo matundu yanafunguka na sufu inakumbuka umbo hilo. Akriliki haikumbuki. Ukitoa pini inarudi ilivyokuwa, na hiyo ndiyo sababu nilisema ni shida. Dawa yake ni mvuke wa moto. Akina mama walitumia pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, bila kuigusa lesi. Mitandio minane ilimalizika, mmoja ukaguswa na pasi ukayeyuka, ikabaki saba mliyoisikia. Wangu wa sufu ulikaa kwenye pini siku tatu kwa sababu ilikuwa Julai, na nyumba nzima ikalala sebuleni.

Nilikuwa na daftari. Kila nilipokaa niliandika saa ya kuanza na ya kumaliza. Jumla, bila ile kazi ya kufumua sweta za mitumba, ni saa 61. Mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo nikamwomba mama mwenye mkono mwepesi kuliko wote naye aandike. Wake ulichukua saa 38.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Uzi na shanga vya mtandio mmoja ni shilingi 6,500. Inabaki 18,500. Ukigawa kwa saa 38 ni kama shilingi 487 kwa saa, na hiyo ni kwa fundi wetu bora. Kwangu mimi ni 303. Mitandio 30 kwa saa 38 ni saa 1,140. Ukizigawa kwa wale watano walioweza, ni saa 228 kila mmoja, yaani saa 19 kila wiki kwa wiki 12, juu ya shamba, kuni, maji, watoto na ibada. Hesabu hii ingenichukua robo saa siku ile nilipopokea ombi. Nilichofanya badala yake ni kuangalia picha.

Si sisi wa kwanza. Wageni wetu wengine huenda wamesikia habari za visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, ambako wanawake walifuma shali za lesi nyembamba mno kiasi kwamba moja iliweza kupita ndani ya pete ya ndoa. Mwaka 1872 tume ya serikali ya Uingereza ilichunguza jinsi walivyolipwa, na ikasikia kwamba wengi hawakupewa fedha bali chai na nguo kutoka duka lile lile lililonunua kazi yao. Shali zilipendwa sana na wenye mali huko mijini. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikaenda kuangalia barua niliyoiandikia lile duka, nione ni nani aliyepanga bei ya 25,000. Walikuwa wamependekeza wao, na mimi nilikuwa nimeshukuru.

Baada ya hapo niliwaandikia nikaeleza yote, pamoja na kurasa za daftari na kipande cha uzi kilichoungua. Nilitegemea wadai fedha zao. Walijibu kwa upole kuliko nilivyostahili, wakauliza ni kitu gani chenye shanga tunachoweza kukifanya vizuri. Jibu safari hii lilitoka kwa akina mama. Kule Lithuania, na Ujerumani pia, kuna desturi ya zamani ya kuvaa vikuku vya sufu vyenye shanga kwenye vifundo vya mikono wakati wa baridi. Ni ufumaji wa kawaida, hauna tundu hata moja. Shanga unazitunga kabla, chache chache, na kila moja inakaa kati ya kitanzi na kitanzi. Kitanzi kikiponyoka unakidaka kama cha sweta. Na kwa kuwa hakihitaji kuvutwa kwa pini, ule uzi wa akriliki uliotukataa unafaa. Jozi moja inachukua saa 7, duka limekubali shilingi 8,000, na ukitoa 1,000 ya vifaa inabaki shilingi 1,000 kwa kila saa. Wanaoweza ni wote 14, na bibi yetu ameshamaliza jozi mbili, mchana, dirishani pake.

Nimalizie na deni, maana ndilo lililotuleta. Duka lilitanguliza shilingi 375,000. Vifaa vilichukua 195,000, na 180,000 akina mama waligawana kama malipo ya awali. Mitandio saba ni 175,000. Tunadaiwa 200,000. Kamati moja imependekeza akina mama warudishe taslimu, na kikundi kisimamishwe mpaka walipe. Mimi naomba mlikatae pendekezo hilo. Duka limekubali kwa maandishi kupokea jozi 25 za vikuku, ambazo ni hizo 200,000 kamili, na vifaa vyake tunavyo tayari. Naomba pia neno "uzembe" lifutwe kwenye muhtasari. Lile langu la "kasi ndogo" nimeshalifuta, na wafadhili wetu watapata taarifa ya robo ya pili iliyosahihishwa ikiwa na jina langu mahali pa kosa. Na agizo lolote litakalokuja, mama mmoja atafuma sampuli mbele ya daftari kabla mimi sijajibu barua.

Mwenyekiti, naona umeangalia saa. Mtandio ninauanzisha upande huu wa wazee, upite mpaka nyuma wakati unakusanya maswali. Waliokula machungwa wafute mikono kwanza. Kwenye mstari wa 58, karibu na ukingo wa kushoto, kuna shanga moja haipo. Niliiona baada ya kubandua pini, na huko nyuma sirudi tena.